Majibu Niliyowafundisha Mateka

Kapinga mwanangu,

Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za wanaume wa Luapula shangazi yako amekwisha kukupa, tena mara nyingi kuliko ulivyotaka kuzisikia. Mimi naziruka. Gari lako la Kasenga linaondoka kesho asubuhi, na nina jambo moja tu la kukuambia. Nimelikalia tangu siku ulipoleta nyumbani mémoire yako, tasnifu yako ya chuo kikuu, ukaiweka juu ya mapaja ya baba yako ili aone jina lake kwenye ukurasa wa shukrani. Aliipima kwa mkono kama mtu anayepima samaki sokoni, akasema, "Iko muzito," akakurudishia. Ulicheka. Ulidhani anakusifu.

Mimi niliisoma yote. Unajua ninavyosoma: kalamu mkononi, nikitafuta mahali pa kugombana. Sikupata pengi. Unaandika wazi, hujifichi nyuma ya maneno makubwa kama walimu wako, na katika hilo najipa sifa kidogo. Lakini nilifika pale unapoeleza jinsi mateka wa zamani wa vita, waliofuatiliwa na watafiti hapa Lubumbashi miaka yote hii, walivyopona. Ukanukuu kwamba wengi wao "wanalala, mara moja moja wanaamka, kisha wanarudia kulala". Niliweka kalamu chini nikatoka nje. Umejenga mémoire nzima juu ya sentensi hiyo. Kwa ajili ya mémoire hiyo watafiti haohao wamekuchukua kazini, na sasa unakwenda kuuliza maswali yaleyale kwa mateka wanaokaa Kasenga. Sentensi hiyo haikutoka kwa mateka yeyote. Niliitunga mimi, Jumapili moja mchana, hapa uani kwetu, wewe ukiwa mgongoni mwangu.

Sasa keti usome. Kwa mara moja katika maisha yetu, huwezi kunikatiza.

Baba yako alikamatwa huko kaskazini, akiwa askari kijana. Walimweka kambini ng'ambo ya mpaka muda mrefu kiasi kwamba ndugu zake walikwisha kumlilia matanga bila maiti, wakanyoa nywele, wakagawana mashati yake. Kisha akarudi kwa ndege pamoja na wenzake, wakapewa maua mbele ya kamera. Baada ya maua hakuna aliyejua la kufanya nao. Kaka yake mkubwa alimpokea mlangoni akiwa amevaa shati lake.

Wewe ulizaliwa baadaye, ndiyo maana kwako baba ni huyu tu. Ulikua ukijua kwamba mtu hapiti nyuma ya Papa. Ulijua kwamba anayetembea ndani ya nyumba hugonga ukuta kwa vidole ili asikike anakuja, na kwamba mkate ukionekana ndani ya foronya hauulizwi. Ulipokwenda kulala kwa rafiki yako Béa mara ya kwanza, ulirudi umeshangaa. "Mama, kwa ba Béa bantu banaingiaka mu chumba bule tu, kama mwizi!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko.

Watafiti walianza kuja kabla hujazaliwa. Walitaka kuwafuata wanaume hawa kwa miaka mingi, kuwauliza baada ya kila muda jinsi wanavyolala, wanavyokula, wanavyokasirika, ili ijulikane kutekwa kunaacha nini ndani ya mtu. Nitasema ukweli: lilikuwa jambo jema. Mimi mwenyewe nililitetea gazetini. Vita ikiisha, serikali huhesabu madaraja yaliyovunjika, na wanasiasa huhesabu viti. Hakuna anayerudi baada ya miaka kumi kumuuliza mtu aliyevunjika anaendeleaje. Hawa walirudi. Walikodi ukumbi wa paroisse, parokia yetu, wakaweka meza na viti viwili, wakawaita mmoja mmoja, wakawaahidi kwamba litakalosemwa pale litabaki palepale.

Mwape aliamini. Mwape ni yule aliyelala mkeka mmoja na baba yako kule kambini. Alisema halali. Alisema anasikia nyayo zisizo na mtu, na kwamba siku moja aliamka mikono yake iko shingoni mwa mke wake. Alisema yote, kwa sababu aliulizwa kwa upole na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Lakini mmoja wa waulizaji alikuwa shemeji ya mkuu wa kikosi chake. Mashemeji hula bukari pamoja, na ugali hauliwi kimya. Mwape akanyang'anywa bunduki, kisha akavuliwa kofia, kisha akaambiwa arudi kwao. Kaka za mke wake wakaja kumchukua dada yao. Akaondoka na mfuko mmoja, akaenda kwa mama yake Kasenga.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba watafiti watarudi, wenzake waliobaki walikuja kwetu. Walikuja kwetu kwa sababu yangu. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, niliandika magazetini, niligombana na watu wazito redioni, nikawashinda. Walinyoa ndevu kama watu wanaokwenda misa. Sajini Kalenga, mcheshi wao, ndiye aliyesema.

"Mwalimu, weye njo unajuaka kubishana na bale ba docteurs. Utufundishe."

"Niwafundishe nini?"

"Kudanganya. Kusema bongo ya muzuri. Yetu iko mubaya, inaonekana mu macho."

Wote wakacheka, isipokuwa baba yako. Nami, Kapinga, nilifurahi. Wanaume waliotoka vitani wanaomba silaha, na silaha yenyewe ninayo mimi. Nikavuta kiti, nikaweka miwani puani, nikajifanya mtafiti.

"Papa Kalenga, unalalaka muzuri?"

"Kama mutoto! Kama mutoto wa askofu!"

"Askofu hana mtoto."

"Njo maana analalaka muzuri!"

Walicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta wa lupango, wa kiwanja chetu. Nilipowatuliza nikawaeleza kosa lao. Jibu lisilo na doa linanuka. Mtu aliyekaa kambini akisema analala kama mtoto, hata mjinga atajua anadanganya. Jibu zuri lina tundu dogo ndani yake, ili muulizaji achungulie humo, aridhike, apite. "Semeni: nalala, mara moja moja naamuka, kisha narudia kulala." Niliwafundisha hivyohivyo jibu la hasira: "Nakasirika kama mwanaume yeyote, lakini inapita." La chakula. La pombe. Wakarudia kwa sauti kama watoto wa katekisimu. Baba yako alikuwa wa mwisho. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama mikono yake, na hakukosea hata neno moja. "Bora kabisa," nikamwambia. Bora kabisa! Nimewahi kusema maneno mengi ya kipumbavu mbele ya kipaza sauti, lakini hakuna ninalotamani kulimeza kama hilo.

Usidhani waliogopa kunyang'anywa bunduki tu. Baadaye wengi waliacha jeshi, na bado walijibu vilevile. Unajua jinsi mambo ya ndoa yanavyokwenda: kabla ya familia kuleta posa, wajomba huzunguka mtaani wakiuliza kama kuna wazimu katika nyumba ile. Nani angewaoa mabinti zao? Nani angekuoa wewe? Halafu kuna hili, ambalo nililielewa nikiwa nimechelewa: aliyesema mwaka jana kwamba analala hawezi kusema mwaka huu kwamba halali bila kujiita muongo. Kila jibu lilifunga mlango wa jibu lililofuata.

Na utafiti wenyewe ulitusaidia kuwadanganya. Wewe umesomea hayo kuliko mimi. Ili majibu ya leo yalinganishwe na ya zamani, maswali lazima yawe yaleyale, kwa mpangilio uleule, neno kwa neno. Waulizaji walibadilika, mvua zilibadilika, nywele za baba yako zikawa nyeupe. Maswali hayakubadilika, na majibu yangu yaliingia ndani yake kama vigae. Watafiti wakafurahi. Waliandika kwamba majibu ya watu hawa hayayumbi.

Kisha siku moja wakatualika mjini, katika ukumbi wenye viti vya velveti na viyoyozi, kusikiliza matokeo. Bwana mmoja akasimama na kusema kwamba mateka wa Lubumbashi wameshangaza, kwamba wana "résilience", nguvu ya kusimama tena baada ya kuangushwa. Ukutani, kwa herufi kubwa kama za tangazo la bia, nikaona sentensi yangu. Nalala, mara moja moja naamuka. Halafu akatoa habari njema: chumba kile cha dispansari, ambamo nesi mmoja aliwapokea wanaume hawa bila malipo, akawasikiliza, akawapa vidonge, kitafungwa, kwa kuwa hakihitajiki tena.

Nilinyanyua mkono. Ukumbi mzima uligeuka, maana wanajua mimi sinyanyui mkono kuuliza njia ya msalani. Ningeweza kusema sentensi moja: hayo ni maneno yangu, nyinyi mmedanganywa, msifunge chumba. Unajua nilisema nini? Niliuliza kwa nini matokeo ya watu wetu yanasomwa kwa Kifaransa. Niliuliza nani aliwapa wageni ruhusa ya kuja kupima machungu yetu. Niliuliza bei ya viti vile. Nilikuwa mkali, nilikuwa na vichekesho, watu walipiga makofi, na yule bwana akafuta jasho. Nilimshinda. Nikatoka pale na ushindi wangu, chumba kikafungwa.

Kalenga alijiua mvua zilizofuata. Kwenye matanga nilimkuta mke wake ameketi chini, kitambaa kimeanguka mabegani. Nilipoinama kumpa pole alinishika kidole.

"Mwalimu," akasema, "ulimufundisha muzuri. Hata miye mwenyewe nilikuwa namuamini."

Hakusema kwa hasira.

Tangu siku hiyo sikuandika tena habari za mateka. Niliandika juu ya barabara, juu ya migodi, juu ya maaskofu na magavana. Nilikuwa sahihi mara nyingi, na kila nilipokuwa sahihi nilirudi nyumbani na kugonga ukuta kwa vidole ili mume wangu asiruke. Huo ndio upumbavu ninaotaka uujue kabla haujaota mizizi ndani yako, kwa sababu una ulimi wangu, nimekuona ukiutumia. Mtu mwenye ulimi kama wetu huzoea kuamini kwamba aliyenyamaza ameshindwa. Baba yako alikuwa amenyamaza tu. Siku moja, mbele ya wageni, alificha mfupa wa kuku mfukoni, nami nikasema kwa sauti, "Papa Kapinga, hata mfupa utatoroka nao?" Wageni walicheka. Yeye naye alicheka. Aliurudisha sahanini, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakula nyama mbele ya watu. Katika kitabu gani cha watafiti wako jambo hilo limeandikwa? Waliwafuata wanaume hawa mpaka mvi, na hawakuwahi hata siku moja kumuuliza mwanamke anayelala kando yao. Nilikuwa natayarisha chai yao! Waliniambia asante mama, wakapita na makaratasi yao.

Sasa nikukasirishe kidogo. Mwishoni mwa mémoire yako unasema, kwa uaminifu wako wote, kwamba wachache "waliopotea katika ufuatiliaji" waliondolewa kwenye hesabu. Nilisoma hapo nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Mmoja wa waliopotea ni Mwape. Hakupotea. Waliendelea kumtafuta kwenye kambi ya jeshi aliyofukuzwa, kwa sababu ndiyo anwani waliyokuwa nayo, na hawakumkuta. Ukifika Kasenga, muulize mwanamke yeyote anayeuza samaki mtoni. Mwape anatengeneza mashine za mitumbwi pale wanaposhukia watu wanaotoka Zambia. Baba yako hupokea salamu zake kila msimu kupitia kwa wafanyabiashara wanaopita Kasomeno kuja huku. Kati ya wote walioketi kwenye ule ukumbi wa paroisse, ni mmoja tu aliyesema ukweli, na ndiye mliyemfuta.

Nimesema "mliyemfuta". Tangu kesho na wewe umo.

Juzi nilimwambia baba yako kwamba nitakuandikia. Alikuwa anamenya karanga. Hakuinua uso.

"Na mutoto atapoteza kazi," akasema.

"Labda."

"Na bale benye bamekufa? Kalenga? Utaenda kumuita mutu wa bongo mu kaburi yake?"

"Mimi ndiye nitaitwa muongo. Wao walirudia tu."

"Eh! Weye unapendaka kuwa wa kwanza, hata mu mambo ya mubaya."

Akaendelea kumenya. Karanga zikaisha. Kisha akafuta mikono, akageuza kiti chake mpaka tukatazamana. "Uniulize," akasema. "Kama siku ile. Lakini sasa nitakujibu ya kweli."

Niliweka miwani. "Ilunga, unalalaka muzuri?"

Alifungua kinywa, akasema, "Nalala, mara moja moja naamuka, kisha narudia kulala."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeumwa na nyuki. "Ngoja. Anza tena." Nikauliza tena. Likatoka lilelile. Akasimama, akazunguka uani, akarudi, akakaa. "Tena." Nilimwona akilitafuta neno lake mwenyewe, jasho linamtoka, midomo inajaribu njia nyingine, na jibu langu likatangulia kutoka kama mbwa anayejua nyumba. Hatimaye akaniwekea mkono juu ya goti.

"Yangu haiko tena," akasema. "Imebakia yako tu."

Nimeishi kwa maneno, Kapinga. Sikujua kwamba yanaweza kufanya hivyo.

Basi sikiliza nilichoamua, na sikuombi ruhusa. Jumatatu nakwenda kwenye ofisi ya watafiti wako, kule mjini, kuwaambia yote: Jumapili ile, kiti kile, kila jibu na jinsi nilivyolitunga. Najua watakasirika. Najua wengine watasema mama amewatukana tena kwa sababu ndiyo kazi yake. Mémoire yako itabaki karatasi tu, na huenda wakakupigia simu kukuambia urudi. Ndiyo maana nakuambia leo, ili usilisikie jambo hili kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mkuu wako. Unaweza kunikana. Unaweza kusema hukujua, na utakuwa umesema kweli. Nikisema sitakulaumu nitakuwa nadanganya. Nitakulaumu, halafu nitaacha.

Lakini wakikuacha ubaki, nakusihi, usianze na lile swali la kwanza. Nenda kwa Mwape kama mtoto wa Ilunga, bila makaratasi. Mpe salamu za baba yako. Akitaka kukuonyesha mashine anayoitengeneza, itazame. Mkewe mpya akikuletea chai, usimwambie asante mama na kupita. Kaa naye. Hao wanawake wana miaka yao wenyewe ambayo hakuna aliyeifuatilia.

Nilidhani Jumatatu nitakwenda peke yangu. Lakini nikiwa hapa naandika, baba yako amekuja mlangoni akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado kidogo.

"Jumatatu tutaenda bote mbili," akasema.

"Utawaambia nini? Uliona mwenyewe jinsi ilivyokuwa."

"Sitasema kitu. Nitabavulia viatu."

Wewe hujawahi kuona miguu ya baba yako. Unadhani ni aibu ya wazee, ndiyo maana huoga mlango umefungwa na hutoka na soksi. Tangu aliporudi, mwanangu, baba yako analala na viatu vya kijeshi, kamba zimefungwa mpaka juu, ili wakija asiondoke tena pekupeku kama mara ya kwanza. Vikichakaa hununua vingine. Ni mimi peke yangu ninayejua ngozi ya kiatu hufanya nini kwenye nyama ya mtu kwa miaka yote hiyo. Ndimi ninayepaka dawa. Katika maswali yao yote, swali la miguu halimo. Kwa hiyo jibu lake sikuwahi kulifundisha.

Mama yako